Nani Alirudisha Balbu ya Njano

Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Sylvie alisukuma skuta yake mpaka kwa steji ya Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, akaisimamisha mbele ya boda-boda wote, akawasha taa. Ikatoka njano. Njano ya uji, ile ambayo hata shimo ya barabara haionyeshi.

"Muangalie wenyewe," akasema. "Jana nililala na balbu ya LED, nyeupe kabisa. Leo niko na mushumaa. Kakule iko wapi?"

Kakule alikuwa hapo hapo, anafungua sanduku yake ya spana. Ni yeye fundi wa steji, na Ijumaa saa tisa ni yeye alimwekea Sylvie hiyo LED.

"Madamu, mimi sijui," akasema.

"Balbu inajitoa yenyewe?"

Byaruhanga, mwenyekiti wa steji, hakungoja chai. "Fundi anakuwekea kitu mchana, usiku anarudi kuichukua. Mambo ya zamani hayo. Tunakaa kikao saa nane. Kama LED haijarudi, Kakule anabeba sanduku yake, anatoka hapa. Maate, andika."

Maate akaandika. Hiyo tu ndiyo kazi walimpa. Alimaliza S.6, kidato cha mwisho, huu mwaka wa pili, barua ametuma mpaka amechoka kulamba bahasha, na hakuna ofisi hata moja ilijibu. Sasa yeye ni katibu wa boda-boda, na analala kwa Kakule. Kakule akifukuzwa, na yeye godoro yake imekwenda.

"Lakini mwenyekiti, mwizi gani anaiba balbu halafu anaweka ingine?"

"Wewe andika tu."

Hiyo ilimuuma. Akafunga kitabu, akapiga magoti mbele ya skuta. Skrubu za taa zilikuwa zimefungwa vizuri, hakuna iliyochunika. Akavuta kile kifuniko cha mpira nyuma ya balbu. Hapo akashangaa kidogo. Kilikuwa kisafi, kama kimepanguswa. Kakule akigusa hata kikombe, anaacha vidole vyeusi vya grisi, mpaka mkate nyumbani una alama zake. Kumbe hapa hakuna alama. Kulikuwa na mafuta mepesi, hayana rangi, na kauzi ka zambarau kamebanwa kwa waya; akakaweka ndani ya kitabu.

"Hii balbu unaijua?" akamuuliza Kakule.

Kakule akaigeuza kwenye mwanga. "Ni yake mwenyewe, ile nilitoa jana. Ona kichwa, kimeungua, nyeusi."

"Mumesikia?" Byaruhanga akasema. "Anaijua. Alibaki nayo."

Maate alitaka kulia na kucheka pamoja.

Saa tatu boda-boda wakamletea jina la mshukiwa mwingine bila yeye kuomba. Bright, boda wa upande wa mpaka, alionekana na taa nyeupe. Maate akamkuta anakula chapati juu ya tangi.

"Washa taa."

"Wewe polisi tangu lini?"

"Washa, Bright. Tafadhali."

Bright akawasha injini kwanza, halafu taa. Nyeupe, kweli, lakini ilikuwa inapepesa kama mtu mwenye mchanga machoni. Kakule alikuwa amemfundisha Maate hiyo: pikipiki hizi taa inakula umeme wa injini moja kwa moja, LED haiupendi, inapepesa. Ndiyo maana kwa taa ya Sylvie, Kakule alihamishia waya kwa betri.

"Nilinunua Kasese mwezi uliopita," Bright akasema. "Kakule aliniambia tubadilishe waya, nikasema nitarudi. Na angalia, yangu haina feni ya kuipoza nyuma. Ya Madamu iko na feni."

Ilikuwa kweli. Maate akarudi mikono mitupu, jua limeshaanza kuchoma.

Saa tano akaenda nyumbani kwa Sylvie. Skuta inalala chini ya baraza, geti ni bati iliyofungwa na waya, hata mbuzi anafungua. Mume wake, Achille, fundi nguo aliyetoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, miaka mingi sasa, alikuwa kwa mashini anashona sweta za shule.

"Usiku haukusikia kitu, papa?"

"Hapana. Mi nililala."

"Hata mbwa?"

"Mbwa ilinyamaza." Akakata uzi na meno. "Ile taa ya kwanza ilikuwa inatosha. Ilikuwa inamurudisha hapa saa kumi na moja, mbele ya giza. Sasa anasema Jumatatu atatoka Kasese na vitenge vyake vya kuuza saa mbili ya usiku. Pale Kikorongo, mu njia, beko tembo, batu bote banajua."

Maate akaangalia sweta. Zambarau. Akaangalia kichupa cha mafuta ya mashini, na bisibisi ndogo kando yake. Mtu mpole kama huyu. Na hakuna wa kumwambia, kwa sababu yeye kazi yake ni kuandika.

Saa nane steji ilijaa. Kakule alikuwa ameshafunga sanduku yake na kamba. Achille alisimama nyuma ya mke wake.

"Tusipoteze wakati," Byaruhanga akasema. "Maate, andika: LED haikurudi."

"Siandiki."

Watu wakageuka. Akamgeukia Kakule.

"Kakule, ukibadilisha kitu ya mtu, ile ya zamani unaipeleka wapi?"

"Ninampa mwenyewe, aione. Nikibaki nayo, watasema sikubadilisha kitu."

"Mwenyekiti, breki zako zilizoisha ziko wapi?"

"Nyumbani. Chini ya kitanda, kwa kopo," Byaruhanga akasema, na watu wakacheka, maana kila mtu ana kopo la namna hiyo.

"Madamu Sylvie. Jana Kakule alikupa balbu ya zamani?"

Sylvie akajaribu kukumbuka. "Alinipa. Mu kartoni ya LED. Nilisahau kabisa."

"Uliiweka wapi?"

Akamgeukia mume wake polepole. "Juu ya mashini ya Achille."

Maate akatoa kale kauzi, akaeleza kifuniko kisafi na mafuta ya mashini. "Mwizi angeacha shimo. Huyu alitaka Madamu abaki na taa, lakini siyo ile ya kumtembeza usiku."

Achille hakubisha. Aliingiza mkono mfukoni akatoa LED, imefungwa kwa kitambaa cha zambarau kama yai.

"Niliogopa tembo," akasema. "Nilifikiri atarudia saa zake za zamani."

"Ungeniambia," Sylvie akasema.

"Nilikuambia. Ulisema niko mwoga."

"Uko mwoga kweli. Asubuhi niliita mutoto wa watu mwizi mbele ya steji yote, na wewe ulikuwa nyumbani unashona."

"Kila saa kusema ilikuwa inazidi kuwa ngumu."

Sylvie akachukua LED. "Jumatatu utapanda nyuma yangu mpaka Kasese. Tutarudi nayo saa mbili. Tembo ukimuona, utaniambia."

Kakule akafungua kamba ya sanduku, akarudisha LED ndani ya dakika kumi, vidole vyake vyeusi vikabaki kwa kifuniko. Balbu ya njano akampa Sylvie mkononi. Sylvie akampa Achille.

"Basi imekwisha," Byaruhanga akasema, anatafuta ufunguo wake wa pikipiki. "Maate, funga kitabu."

Maate hakufunga. Aliandika mstari, akausoma kwa sauti: "Saa nane na dakika hamsini. Mwenyekiti aliomba Kakule msamaha mbele ya wote."

"Hiyo sijasema."

"Najua, mzee." Maate akashika peni juu ya karatasi. "Nangoja niweke nukta."

Byaruhanga akaangalia ufunguo, akaangalia barabara ya mpaka, mwisho akamuangalia Kakule.

"Nisamehe, fundi," akasema, chini chini.

Maate akaweka nukta.