Soma Kwanza, Fundi

"Samahani dada, mtu akitaka kuingia kwenye nyumba iliyofungwa, na ufunguo hana, na hataki kuacha alama, afanyeje?"

Swali hilo liliulizwa saa sita mchana kwenye uchochoro wa mafundi, pale sokoni, watu wamebanana kama njiti kwenye kibiriti. Aliyeuliza alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, ndani ya koti la kijivu lililomzidi mabega. Matamshi yake yalimtangaza kuwa si mtu wa hapa. Aliyeulizwa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, ovaroli ya bluu, kitambaa cha njano kichwani, vidole vimejaa unga wa shaba. Alikuwa anachonga ufunguo. Mashine ikanyamaza, na uchochoro mzima ukanyamaza nayo.

"Mwizi!" akasema mmoja huko nyuma.

Neno hilo halihitaji kusemwa mara mbili. Mkono ukamshika mgeni yule ukosi.

Fundi alimtazama usoni. Baba yake alipomwachia kibanda cha vitasa na makufuli alimwachia na jicho la kuwatambua wezi, na jicho lilimwambia kuwa mwizi haanzi kwa samahani. Tena mwizi hasimami na daftari na kalamu akingoja jibu kama mwanafunzi.

"Mwachieni, ni mteja wangu," akasema. "Mdomo tu ndio haujui saa." Akamvuta ndani, akamsukumia kigoda, akampa maji. "Wewe, una akili kweli?"

"Naandika hadithi za upelelezi," akasema Mgeni. "Nimekwama sura ya nne. Jambazi wangu yuko nje ya mlango tangu Jumatatu."

Fundi alicheka mpaka akashika meza. "Maskini! Na mvua yote hii ya juzi?"

Kesho yake Mgeni alirudi kuleta shukrani, keshokutwa akarudi bila sababu. Polepole Fundi akamjua. Alivuka mpaka miaka sita nyuma na begi moja, akapata kazi ya kufunga vifurushi kwenye ghala. Lugha ya hapa aliisoma kwenye magazeti ya zamani waliyofungia vyombo vya watu, na msimamizi wake, mtu mwema, alijifanya haoni. Baadaye akaanza kuandika alfajiri, kabla ya kazi. Gazeti lilichapa hadithi zake fupi, kisha vikatoka vitabu viwili vyembamba. Hiki cha tatu ndicho alichokiwekea roho.

Kibanda cha pili alishona nguo mama mdogo wa Fundi, na redio yake haikuzimwa. Alikuwa na macho mawili na masikio kumi.

"Shikamoo mama," Mgeni angesema.

"Marahaba. Leo umekuja kupeleleza kufuli au mwenye kufuli?"

Simu nazo zilianza.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Jambazi wako ameingia?"

"Bado. Anaogopa mbwa."

"Mwambie asiharakishe. Nimeshamzoea mwandishi wake."

Alasiri moja, kwa kupenda tu, Fundi alifunga kibanda, akamwonyesha mlango mdogo wa mazoezi ambao baba yake alimfundishia. Akamfundisha. Mgeni aliufungua mara tatu kwa mikono yake mwenyewe, akabaki anaitazama mikono hiyo kama ya mtu mwingine.

"Sasa sikiliza, mpenzi," Fundi akasema. "Watu wananiachia funguo za nyumba wanamolala watoto wao. Hili limeingia sikioni mwako, lisitokee kwenye kalamu yako."

"Halitatokea. Mwandishi anapaswa kujua hata asichokiandika."

Kitabu kilipotoka, mama mdogo ndiye aliyekinunua wa kwanza, na ndiye aliyekuja mbio, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"Mwanangu, umo humu! Ukurasa wa arobaini! Fundi mwanamke, kitambaa cha njano, anamfundisha jambazi kufungua mlango!"

Fundi alizima mashine. "Anamfundishaje?"

"Huko sijafika. Nimekimbia kukuambia."

Mama mdogo hakukusudia ubaya, lakini sauti yake haikujua kunong'ona. Jioni uchochoro wote ulikuwa na habari. Wiki haikuisha, mama mmoja mwenye nyumba za kupanga, aliyekuwa amemwachia Fundi funguo za akiba za vyumba ishirini na vinne, akaja kuzichukua.

"Sina ubaya nawe, binti yangu," akasema bila kumtazama. "Ni wapangaji, wanaogopa."

Fundi alimkabidhi sanduku la funguo kwa mikono miwili. Jina la baba yake lilikuwa linaondoka na sanduku lile, na baada ya mama huyu wangekuja wengine.

Siku hiyohiyo Mgeni akaja, shati limepigwa pasi, kitabu kimefungwa kwa karatasi yenye maua.

"Umenivua nguo sokoni," Fundi akasema.

"Soma kwanza, Fundi."

"Nisome nini? Nilikuomba jambo moja tu!"

"Nikieleza utasema najitetea. Soma kwanza."

"Toka."

Alitoka. Kitabu kilibaki mezani na maua yake, hakikufunguliwa. Mgeni alipiga simu mara kumi na moja bila kupokelewa, na ya kumi na mbili Fundi akaipokea.

"Fundi, nimepata kazi kwenye ghala la mji mwingine. Alhamisi nina mazungumzo redioni, kisha napanda basi la saa kumi. Nilitaka tu..."

"Safari njema."

Akakata. Akachukua tupa, akasugua, na baada ya muda akagundua kuwa anasugua meza.

Alhamisi mchana redio ya mama mdogo ilikuwa inaunguruma kama kawaida. Mara cherehani ikasimama.

"Mwanangu! Huyo si Mgeni wetu?"

"Izime."

Mama mdogo akaongeza sauti.

Mtangazaji alikuwa anasoma sehemu ya kitabu, sura ya nne: jambazi, kama alivyofundishwa na fundi, alichovya uzi kwenye mafuta ya taa, akaupenyeza kwenye tundu la ufunguo, akavuta taratibu, na kitasa cha komeo tatu kikafunguka chenyewe kama kabati bovu. Kisha mtangazaji akapokea simu ya mzee aliyesema ni askari mstaafu.

"Kijana, miaka thelathini nimekamata wezi. Uzi! Na mafuta ya taa! Wangekusikia wangevunjika mbavu. Kwa nini hukumuuliza fundi?"

Mtangazaji alicheka. Sauti ya Mgeni ilikuwa ya upole.

"Ni kweli, mzee. Sikuuliza. Kosa ni langu."

Tupa ilimwanguka Fundi mkononi. Mwandishi wa upelelezi kuambiwa hajui wizi, tena hewani, ni sawa na mpishi kuambiwa chakula chake kibichi. Na mtu huyu aliyefungua mlango wa mazoezi mara tatu amekaa kimya anachekwa. Aliandika uongo kwa makusudi, akaubeba kama ujinga wake. Fundi roho ilimtua na kumchoma kwa wakati mmoja.

"Mama mdogo, namba ya redio ni ipi?"

"Naijua kwa moyo! Sifuri..."

Alipiga mara nne ndipo laini ikapita.

"Karibu msikilizaji, wewe ni nani?"

"Mimi ni fundi wa vitasa, na kitambaa changu ni cha njano." Akaishika simu kwa mikono miwili. "Mzee askari amesema kweli. Kwa uzi ule mlango haufunguki, hata uvute mpaka uote mvi. Lakini mwandishi aliuliza. Aliniuliza mimi, mchana kweupe, nusura wampige. Nilimfundisha, akaweza. Halafu akaenda akaandika uongo, ili ninyi mlale salama na mimi nibaki na jina langu. Msimcheke."

Redio ilinyamaza hata mama mdogo akaipiga kofi, akidhani imeharibika.

"Mwandishi, ni kweli?" akauliza mtangazaji.

"Nilimwambia asome kwanza," Mgeni akasema.

"Sikusoma. Nisamehe. Basi lako ni la saa kumi?"

"Ndiyo."

"Liache liende."

Vigelegele vya mama mdogo vilisikika mpaka kwa wauza viatu.

Aliyetangulia kufika si Mgeni, ni mama mwenye nyumba, anahema, sanduku la funguo kwapani. Aliliweka mezani, akamshika Fundi mikono na unga wake wote wa shaba. "Nimekusikia redioni. Nilisikiliza maneno ya watu, binti yangu. Nimekukosea."

"Yamekwisha, mama," Fundi akasema, na kweli yalikuwa yamekwisha.

Kisha Mgeni akatokea na koti lake na begi lake.

"Kazi ya mji mwingine?" Fundi akauliza.

"Nimewapigia. Wamekasirika kidogo."

"Na wewe mkaidi! Ungesema tu."

"Ungesikia?"

Fundi akatazama chini. "Nisingesikia."

"Basi tuko wawili." Akatua begi. "Fundi, nataka kukuoa. Tatizo ni kwamba sina mtu. Sina baba hapa, wala mjomba wa kumtuma kwenu. Nitakwenda mwenyewe, kama watanipokea."

Fundi akafungua mdomo kujibu, lakini mama mwenye nyumba alimwahi.

"Mwenyewe? Hujiposei, mwanangu, kama vile umeokotwa! Mimi ndiye mama yako. Jumapili nitavaa nguo yangu ya kijani, nije nikuposee." Akamgeukia Fundi. "Ukikubali, lakini."

"Nimekubali," Fundi akasema, akicheka na kulia. "Tangu alipokuwa na jambazi nje ya mlango."

Mama mdogo akavua tepu shingoni, akajikalisha kwenye kigoda kama hakimu.

"Mimi ni upande wa binti, kwa hiyo naanza leo. Kijana wenu anafanya kazi gani?"

"Mwandishi," akajibu mama mwenye nyumba, akiwa anamweka Mgeni koti sawa mabegani.

"Tabia yake?"

"Ukimpa siri, inalala."

"Na ukoo wake? Mko wangapi?"

Mama yule akamtazama Mgeni, aliyekuwa anafuta macho kwa mkono wa koti.

"Ndiyo kwanza tumeanza," akasema. "Tuko wawili. Wengine wanakuja."