Zamu ya Asiyefika

Jioni ile Reino Kangas alikwenda mkahawani kwa Lempi kuchagua mahali pa kwenda. Basi, hivyo tu. Ramani kwapani, penseli sikioni, na binti yake Aila nyuma akikung'uta theluji kwenye buti. Jua la mwezi wa pili lilikuwa limeshazama nyuma ya misonobari, ingawa saa kumi na mbili ilikuwa bado.

Rafiki yake Arvo alikuwa ameshafika na ameshamaliza pai ya kwanza.

"Mmechelewa," alisema Arvo. "Nilikuwa naanza kuila meza."

Kila mwaka walipanda pikipiki za theluji, wakafuata njia za msituni kutwa nzima, wakalala mbali, wakarudi kesho yake. Na walikuwa na desturi yao. Aliyeshika mkia mwaka huu ndiye aliyechagua safari ya mwakani. Ilikuwa pole yake kwa kumeza theluji inayotimuliwa na wenzake tangu asubuhi. Hawakupiga kura wala kubishana. Anafika wa mwisho, anachekwa, mwakani anachagua.

Mwaka jana wa mwisho alikuwa Eero, kaka yake Aila.

Eero hakufika.

Sheria ya msafara wanaijua hata watoto: kila njia panda, simama, geuka, mngoje wa nyuma yako mpaka umwone. Siku ile Eero alikuwa nyuma ya baba yake. Reino alipita njia panda tatu bila kugeuka. Alikuwa anasikia baridi, na alikuwa anawaza supu. Walipogundua, theluji ilikuwa imefuta alama zote, na shimo lolote lililokuwapo kwenye barafu ya ziwa la kando ya njia lilikuwa limeganda tena. Hawakuipata pikipiki. Hawakumpata mtu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini wa Reino ulikuwa na ladha ya supu, na hakuna aliyeweza kumpunguzia.

"Haya," Arvo alisema, akiikunjua ramani. "Zamu ni yako, mzee. Kati ya waliofika, wewe ndiye uliyekuwa wa mwisho. Kaskazini kuna migodi ya shaba, njia safi, ila hoteli yake itakuvua suruali. Magharibi kwa shemeji yangu tutalala bure, lakini tutasemwa mpaka asubuhi."

"Na mashariki?" Aila aliuliza.

Arvo akafunika upande ule wa ramani kwa kiganja. Mashariki kulikuwa na Ziwa la Fisimaji, alikopotelea Eero.

Aila akatoa kwenye koti karatasi iliyochakaa kwa kukunjwa. Ilikuwa ramani ya Eero. Ng'ambo ya ziwa, penye nyumba ya wageni, palikuwa na duara la penseli.

"Alishachagua, Baba. Alichora asubuhi ile kabla hatujaondoka, akaniachia. Alijua atashika mkia, pikipiki yake ilikuwa inakohoa."

Reino akaliangalia lile duara. Mkono wa mwanawe. Hata duara hakuwahi kulijulia, lilikuwa kama kiazi.

"Basi achague yeye," alisema. "Zamu ni ya Eero."

Arvo aliweka uma chini.

"Futa hilo neno."

"Kwa nini?"

"Zamu hupewa mtu aliyefika. Ukimpa zamu, umemhesabu. Ukimhesabu..." Alitazama dirishani, kisha akashusha sauti. "Futa, Reino. Sitanii."

"We Arvo, tangu lini ukawa na adabu?" Aila alimtania.

Lakini Arvo hakucheka. Alivaa kofia yake na kuacha pai ya pili haijaguswa. Watu waliomjua walijua maana yake.

*

Hilja, mke wa Reino, hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimshika mumewe ukosi wa koti pale uani, injini zikiwa zimeshawashwa.

"Njia inazunguka ziwa, haipiti juu yake?"

"Inazunguka."

"Nimebakiwa na mmoja, Reino. Mmoja. Kila njia panda utageuka."

"Nitageuka."

"Mkifika nipigie. Nataka kumsikia yeye, si wewe."

Waliondoka wawili tu, bila Arvo, saa saba mchana kwa sababu ya plagi iliyogoma. Njia ilikuwa imesawazishwa vizuri, theluji imara, baridi nyuzi ishirini chini ya sifuri. Reino mbele, Aila nyuma na koti lake jekundu. Kila njia panda Reino alisimama, akageuka, akangoja. Aila alifika, akainua dole gumba. Wakaendelea. Kwa saa tatu mzee alikaribia kufurahi.

Kukaanza kuingia giza walipopishana na msafara mwingine. Kwenye njia hizi watu huongea kwa mikono. Wa mbele huinua vidole kuonyesha wangapi wako nyuma yake. Wa mwisho huinua ngumi, yaani nyuma yangu hakuna mtu, njia ni yako. Reino akainua kidole kimoja. Aila akainua ngumi.

Hawajafika mbali, taa zikawajia kwa nyuma kwa kasi. Mmoja wa wale waliopishana nao alikuwa amegeuza. Alisimama, akafungua kioo cha helmeti, ndevu zimejaa barafu na macho yamemtoka.

"Nyie mna wazimu?" alifoka. "Huyu binti kanionyesha ngumi. Nikajua mmekwisha, nikatanua katikati ya njia. Nusura nigongane na mwenzenu wa tatu!"

"Tuko wawili," Reino alisema.

"Nimemwona kwa macho yangu! Hana taa. Na amelowa, bwana. Maji yanamchuruzika mwilini kwenye baridi hii..." Sauti ikampungua. Alitazama njia aliyotokea, akatazama koti jekundu la Aila. "Mwambieni awashe taa," alisema polepole, na hakurudi kwa njia ile. Alikatiza msituni.

Reino na Aila wakazima injini.

Kisha, nyuma yao, mbali... injini. Ilikuwa inakohoa.

*

Saima, mama mzee anayetunza kibanda cha kuotea moto, alikuwa ameshaweka vikombe mezani kabla hawajafungua mlango. Vikombe vitatu.

"Wa tatu yuko wapi?"

"Tuko wawili, mama."

"Nimesikia injini tatu." Akawatazama mmoja mmoja, kisha akakitoa kikombe kimoja mezani. "Mmempa zamu mtu?"

Aila ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtoto aliyevunja kitu: "Ya kaka yangu. Kuchagua safari."

Saima akakaa.

"Mimi sijui mengi," alinong'ona. "Najua kwamba waliopotea ziwani bado wako kwenye msafara. Hawajui kuwa wamekufa. Wanajua tu kwamba hawajafika. Anayewahesabu, wanamfuata. Na msafara ulioandaliwa kwa wawili, wanafika wawili..." Aliacha hapo. "Laleni hapa. Sakafuni, popote. Asubuhi mrudi kwenu."

Lilikuwa shauri jema, la bure, na limetoka kwa mtu mzima. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Reino alisema mkewe anangoja simu, na kibandani hakuna simu. Alisema zimebaki maili kumi na mbili tu. Alimwambia Aila apande nyuma yake, waiache pikipiki yake pale. Aila akasema, "Baba, nimeinunua kwa jasho langu, siiachi," naye hakumbishia sana.

Ukweli ni mwingine, na hakumwambia mtu. Reino alitaka kumwona. Mara moja tu. Alitaka kugeuka njia panda aone taa ya mwanawe inakuja.

*

Njia panda ya kwanza. Akasimama, akageuka. Taa. Koti jekundu, dole gumba.

Njia panda ya pili. Upepo ulikuwa umeanza kupeperusha theluji. Akasimama, akageuka, akangoja. Taa. Dole gumba.

Kisha njia ikashuka ikafuata ukingo wa ziwa. Hapo upepo ulikuwa hauna kizuizi. Theluji ilitambaa chini mpaka asiione njia, akafuata vijiti vya alama tu. Barafu ya ziwa ililia. Hulia hivyo kila usiku wa baridi, mlio mrefu wa chini kwa chini, na Reino ameusikia maisha yake yote. Usiku huo aliomba unyamaze.

Njia panda ya tatu. Kushoto, vijiti vya njia ya mkato vilikatiza juu ya ziwa. Kulia, msituni, hadi kwenye nyumba ya wageni.

Akasimama. Akageuka.

Giza.

Akangoja. Akahesabu mpaka hamsini. Mpaka mia. Akaanza kuigeuza pikipiki.

Ndipo taa ikatokea.

Ilikuja taratibu, hafifu, ikasimama hatua ishirini nyuma yake. Rangi ya koti haikuonekana kwa theluji. Aliyekuwa juu ya pikipiki akainua mkono.

Ngumi.

Kila njia panda Aila alikuwa akiinua dole gumba. Reino aliliona hilo. Asije mtu akasema hakuliona. Aliliona, na akajiambia kwamba binti amechoka, vidole vimekufa ganzi, ngumi si kitu. Akapinda kulia.

Hakugeuka tena. Hapakuwa na njia panda nyingine.

Nyumba ya wageni ilikuwa na taa madirishani na harufu ya nyama ya kuchoma. Reino akazima injini. Nyuma yake ile taa ikaingia uani, ikasimama, injini ikakohoa mara mbili na kufa.

Harufu ya nyama ikapotea. Ikaja nyingine. Tope la chini ya ziwa, petroli iliyochacha.

Aliyeshuka alikuwa mrefu kuliko Aila. Maji yalimtoka mikononi, kiunoni, kwenye buti, yakitiririka juu ya theluji bila kuganda.

"Baba," alisema. "Safari hii umegeuka."

*

Reino alirudi mpaka ukingoni akiendesha kama kichaa. Alama zilikuwapo, bado mbichi. Alama ya mkanda wenye meno wa pikipiki ya Aila, aliyoijua kwa jino moja lililovunjika, ilikuja vizuri kando ya vijiti. Mahali fulani kabla ya njia panda, mkanda mwingine uliingia mbele yake, katikati ya baba na binti. Msafara una sheria: fuata taa iliyo mbele yako. Aila aliifuata. Mikanda yote miwili ilishuka ziwani, mmoja nyuma ya mwingine, moja kwa moja, mpaka kwenye duara la maji meusi yaliyokuwa yakifuka mvuke.

Mkanda mmoja ulitoka upande wa pili, ukapinda kurudi njia panda.

Aliita jina lake. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Alilala kifudifudi akatumbukiza mkono mpaka begani na hakugusa kitu. Utando mwembamba ulikuwa umeshaanza kushika juu ya maji. Akakumbuka simu. Akakimbilia simu.

Mlango wa nyumba ya wageni ulikuwa wazi. Mwenyeji, mtu mnene mchangamfu asiyejua lolote, alikuwa ameshika mkono wa simu, anacheka.

"Ee, mama, wamefika! Wote wawili, wazima! Mmoja ameloa chepechepe, nimemkalisha penye moto... Huyu hapa mzee anaingia." Akamkabidhi Reino simu. "Mkeo. Amepiga mara nne."

Penye moto alikaa mtu na helmeti yake kichwani. Chini ya kiti maji yalikuwa yanasambaa kwenye mbao.

"Reino?" Hilja alikuwa analia. "Mungu ni mwema. Kasema wawili. Nilikuwa nimeshavaa viatu nije kuwatafuta, mimi mwenyewe, kwa miguu..." Akacheka katikati ya machozi. Hajacheka tangu mwaka jana. "Nipe nimsikie."

Reino akafungua mdomo. Hilja, alitaka kusema. Hilja, lete watu, lete kamba, ziwani... Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe. Na wakati anahangaika nao, glavu iliyolowa ikapita begani kwake, ikaichukua simu mkononi mwake bila haraka.

"Mama," mtu yule alisema. "Nimefika."

Reino aliisikia saa ya jikoni kwake ikigonga kwenye simu. Kisha sauti ya mkewe, ndogo, ya mtu anayeogopa kuamsha aliyelala:

"Eero?"

"Ni mimi, Mama."

Hilja akaanza kuzungumza. Alizungumza upesi upesi, maneno ya mwaka mzima. Alimuuliza kama amekula. Alimuuliza kama anasikia baridi. Alimwambia kitanda chake hakijatolewa shuka, na ufunguo uko palepale, aje, aje tu, saa yoyote.

Reino alisimama karibu na simu, mkono wake wenye maji ya ziwa ukianza kuganda, akingoja mkewe aulize Aila yuko wapi.

Alingoja.

Hilja hakuuliza.