Mvi za Nagaratnamma

Jumatatu hiyo Nagaratnamma, jirani yangu ukuta kwa ukuta, alipanda mlima wa hekalu na bintiye Vasundhara kutimiza nadhiri. Miaka ya nyuma homa ilimlaza binti hadi madaktari wakanyoosha mikono. Mama akamwahidi Mungu wa mlimani: mponye, nitakuletea nywele zake zote. Binti akapona, nadhiri ikalala.

Sasa harusi ilikuwa imekaribia, na mama wa bwana harusi alishatamka mbele za watu, bila haya, "Mwanangu haoi kipara."

Basi kwenye ukumbi wa vinyozi Nagaratnamma akajikalisha yeye.

"Nadhiri ya nani?" kinyozi akauliza.

"Yangu."

Kinyozi akamtazama Vasundhara. Msuko wake mweusi ulifika kiunoni, na maua ya asumini na utepe mwekundu. "Amma, mama yangu, hapa si mahali pa mzaha."

"Wewe nyoa! Umekuwa kuhani lini?"

Akanyoa. Mvi zilizolowa zikaanguka kwenye beseni. Akampaka liwa kichwani kwa hasira, kama anayepiga lipu ukuta. Nagaratnamma hakujali. Moyoni alijipongeza kwa ujanja wake, mpumbavu yule.

Jioni walikodi gari la dereva mmoja, Ilaiah, kurudi kabla geti la hifadhi ya wanyama iliyo njiani halijafungwa. Katikati ya msitu Nagaratnamma akaona watu kando ya barabara. Walitembea kwa miguu, pale ambapo hata madereva hawathubutu kushuka kukojoa. Wote walikuwa vipara. Wote wamepakwa liwa.

"Ilaiah," akanong'ona, "hawa hawaogopi chui milia?"

"Kina nani, Amma? Barabara tupu."

Wa mwisho alikuwa msichana mwenye sari ya kijani. Nagaratnamma aliijua sari ile, aliinunua mwenyewe. Msichana akageuka.

Alikuwa Vasundhara.

Nagaratnamma akatazama kando yake. Binti yupo. Amesinzia, msuko umelala mapajani. Akamshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Amma, kuna nini?" Ilaiah akasema. "Kama umesahau jambo hekaluni, sema sasa. Tukishavuka geti, leo haturudi tena."

Alijua alichotakiwa kufanya. Alijua kabisa. Lakini masikioni bado alisikia yale maneno ya mama wa bwana harusi.

"Twende nyumbani."

Nje, kando ya dirisha, mtu alilia. Mara moja tu. Ilaiah hakusikia.

Nyumbani alimlaza binti, akatia komeo kwa ndani, akatandika mkeka wake mlangoni. Hakuna aliyemruka usiku ule. Ameniapia hivyo mara nyingi, na namwamini.

Alfajiri alipapasa kitandani gizani. Mkono ukagusa msuko, utepe, asumini. Akashusha pumzi, akacheka peke yake. Akauvuta kidogo, amwamshe mwanawe.

Msuko ukaja wote.

Mayowe yake ndiyo yaliyotuamsha. Tulivunja mlango, maana komeo lilikuwa bado limefungwa. Kitandani palikuwa na sari ya kijani, imekunjwa vizuri. Vasundhara hakuwepo. Tulimtafuta, na askari wa hifadhi wakamtafuta, hadi siku ya harusi ikapita.

Ule msuko nimeushika kwa mikono yangu. Utepe ni mwekundu, wa Vasundhara. Asumini ni yake, mbichi mpaka leo. Lakini nywele zenyewe ni mvi tupu, za mama mtu, na bado zinachuruzika maji ya kinyozi.