Pilipili za Mwamvita Zaota Dongobesh

Asubuhi za Dongobesh ni za baridi, na mwezi wa saba baridi huzidi. Ukungu hulala juu ya mashamba mpaka jua lipande. Mwamvita hakuwa ameizoea hali hiyo. Kila alfajiri alijifunga kanga mbili, akajitanda shuka la mumewe, akawasha moto na kubandika chai. Kisha alikwenda nyuma ya nyumba kutazama mkebe wake wa udongo alimopanda mbegu.

Ilikuwa miaka ya utawala wa Waingereza. Mumewe, Bashiri, alikuwa na duka dogo la chumvi, sabuni, mafuta ya taa na vitambaa. Alimwoa Mwamvita huko Kondoa, kwenye joto, akamleta mlimani. Siku ya harusi, mama yake Mwamvita alimfungia mbegu za pilipili kwenye pindo la kanga. Miezi michache baadaye mama huyo alifariki. Mbegu zile ndizo zilizobaki za bustani yake.

"Zimeota?" Bashiri aliuliza asubuhi moja.

"Hata moja."

"Labda ni mbegu za zamani."

"Mbegu ni nzima," Mwamvita akasema. "Ni nchi hii inayonikataa."

Maneno yale yalimkaa Bashiri moyoni. Alifikiri siku nzima dukani. Kama shida ni baridi, basi dawa yake ni moto. Mwamvita alipokwenda kuchota maji, Bashiri alitoa mbegu nyingine kwenye pindo la kanga aliyoiacha nyumbani, akazipanda kwenye mkebe wa pili, akauweka juu ya jiko lenye makaa.

Mwamvita alirudi akakuta udongo unatoa mvuke.

"Mume wangu, umezipika."

"Nilitaka kukusaidia."

Mwamvita akatua ndoo. Alitaka kukasirika, lakini alipomwona mume wake amesimama pale na majivu puani, kicheko kikamtoka. Kisha kicheko kikageuka machozi. Alifungua pindo la kanga. Mbegu zilizobaki hazikujaa hata kiganja cha mtoto.

"Nikihamishia duka Kondoa, utafurahi?" Bashiri akauliza polepole.

Mwamvita akalifunga pindo upya.

Jirani yao alikuwa mama mzee wa Kiiraqw, jina lake Imakulata. Siku hiyo alileta maziwa kama kawaida yake, akamkuta Mwamvita ana macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

Mwamvita akamweleza yote. Imakulata alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kijana wangu Nikolausi amekuja likizo. Kazi yake ni kuotesha miche kwenye kitalu cha kahawa. Nitamleta."

Nikolausi alikuja jioni ile. Hakuanza na maneno mengi. Alifukua mkebe wa kwanza, akatoa mbegu moja na kuiminya. Ilikuwa laini kama uji.

"Tazama, shemeji. Imeoza. Mbegu ya pilipili ikikaa kwenye udongo wa baridi uliojaa maji, huoza kabla ya kuota."

"Na hizi za mume wangu?"

Nikolausi akaziangalia. "Hizi zimeiva."

Wote wakacheka, na Bashiri pia.

"Lakini Bashiri alikuwa karibu na ukweli," Nikolausi akaendelea. "Pilipili inataka joto, tena joto linalotoka chini. Ila liwe joto dogo na la kudumu, kama la yai chini ya kuku. Makaa huunguza, kisha huzimika."

"Sasa nitapata wapi joto la namna hiyo?"

"Kwa mama yangu. Ana ng'ombe na mbuzi. Samadi mbichi ikishindiliwa pamoja na majani makavu huchemka yenyewe."

Kesho yake walifanya kazi pamoja. Walichimba shimo la kufika magotini, mahali penye jua, nyuma ya ukuta unaozuia upepo. Imakulata aliwaletea samadi mbichi kwa kikapu. Waliichanganya na majani makavu, wakainyunyizia maji kidogo, wakaikanyaga mpaka shimo likajaa. Juu yake wakatandaza udongo.

Mwamvita akafungua pindo lake.

"Usipande leo," Nikolausi akamzuia. "Samadi mpya huwa na joto kali mno siku za mwanzo. Utazipika kama alivyofanya Bashiri."

"Nitajuaje kama iko tayari?"

"Ingiza kijiti mpaka katikati. Kiache kidogo, kisha kitoe ukishike. Kikikuchoma, ngoja. Kikiwa vuguvugu kama maziwa yanayotoka kukamuliwa, panda."

Wakati wa kungoja, Mwamvita alitayarisha sanduku la sabuni. Alilitoboa matundu chini ili maji yasituame. Alichekecha udongo mweusi, akauchanganya na mchanga, akaujaza sandukuni. Nikolausi akasema sanduku litahitaji kifuniko cha kioo, ili joto lisipotee na mwanga uingie.

Bashiri aliingia dukani. Aliwahi kuagiza kabati la kioo la kuwekea sindano na nyuzi kutoka Arusha, na watu walikuja kulitazama hata kama hawanunui kitu. Aling'oa misumari yake mmoja mmoja. Akatoka na kioo mikononi.

"Mume wangu, na kabati lako?"

"Sindano na nyuzi hazioni baridi," Bashiri akasema.

Kijiti kilipotoka vuguvugu, Mwamvita alipanda mbegu zake zote. Alizifukia kwa udongo mwembamba tu, akaliweka sanduku juu ya samadi, akafunika kwa kioo. Alinyunyizia maji yaliyoanikwa juani, kwa sababu maji ya kijito yangepoza udongo. Kioo kilipotoka jasho jingi mchana, alikiinua kidogo hewa ipite. Joto la samadi lilipopungua, aliongeza samadi mbichi pembeni.

Asubuhi moja aliinama kutazama, akabaki ameinama. Udongo ulikuwa umepasuka. Shingo ndogo ya kijani, imepinda kama ndoana, ilikuwa inausukuma. Pembeni yake nyingine. Akamwita mumewe kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuziamsha. Bashiri akaja, akapiga magoti kwenye umande, wakatazama pamoja.

Miche ilipopata majani kadhaa, hawakuihamisha ghafla. Kila mchana waliitoa nje izoee upepo, na kila jioni waliirudisha kwenye joto. Baridi ilipokwisha waliipanda kando ya ukuta. Ikachanua maua meupe. Ikazaa. Mwamvita aliacha pilipili nzuri zaidi ziwe nyekundu kabisa, akazikausha kivulini zitoe mbegu. Zilizobaki alipikia. Imakulata alionja kipande kidogo tu, akanywa maziwa kibuyu kizima, na kesho yake akaja kuomba mche.

Mwaka uliofuata, baridi ilipoingia, mashimo ya samadi yalionekana nyuma ya nyumba nyingi. Wanawake walimwita Mwamvita huku na huko aje kushika kijiti. Wengine waliotesha nyanya kwa njia hiyo, wengine biringanya.

Katika siku hizo Bashiri alikuwa na habari ya kumwambia mkewe. Alimkuta ameinama juu ya sanduku, mikono imejaa udongo.

"Kuna mtu Kondoa anakodisha duka," akasema. "Pazuri, karibu na soko. Ukitaka, tutahama."

Mwamvita aliinua kichwa. Akamtazama mume wake, kisha akatazama miche.

"Twende tukasalimie," akasema. "Lakini turudi mapema. Hii ina majani mawili tu, na mama Imakulata hajajua kuinua kioo."

Bashiri akakunja mikono ya shati lake, akachuchumaa kando yake, akaanza kuchekecha udongo.