Injini Haijafa, Ufunguo Uko Wapi?

Kila siku kabla ya alfajiri, Stara alikuwa tayari ameshawasha tanuri. Aliishi Chang'ombe, hapa Dodoma mjini, na mume wake Hamidi na mtoto wao Salwa, ambaye bado alikuwa ananyonya. Mama yake Hamidi, Bi Anifa, alikuwa amehamia kwao kutoka kijiji cha Busi baada ya kufiwa na mumewe.

Stara alioka mikate. Hamidi aliipanga kwenye gari na kuisambaza madukani, kuanzia Chang'ombe hadi Nzuguni. Watu walikula mikate ile ikiwa bado ina joto. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wote wanne.

Huo ulikuwa mwaka 2003. Magari yaliyotumika ng'ambo yalikuwa yameanza kuingia nchini kwa wingi, na hata watu wa kawaida waliweza kununua. Gari la Hamidi na Stara lilikuwa jeupe, lenye buti refu. Lilikuja na ufunguo mmoja tu, wenye kichwa kinene cha plastiki nyeusi. Hamidi hakuuliza kama kulikuwa na wa pili.

Kwenye dashibodi kulikuwa na taa ndogo nyekundu. Gari likizimwa, taa hiyo ilipepesa usiku kucha. Hamidi aliona inamaliza betri. Akaifunika kwa plasta nyeusi.

Baada ya muda kichwa cha ufunguo kilipata ufa, na sehemu yenye meno ikaanza kulegea. Hamidi akaenda sokoni kwa mchonga funguo. Akachongewa ufunguo mpya wa shaba, mzima, usio na plastiki. Akautia kwenye pete moja na ule wa zamani. Ule wa shaba ukazungusha swichi vizuri, na ule wa zamani ukawa unaning'inia pembeni.

"Umeona?" alimwambia Stara. "Shaba haivunjiki."

Wakaendelea hivyo wiki nyingi, gari likiwaka bila shida.

Jioni moja komeo la banda la kuku lilipotea. Nguchiro walikuwa wengi, na Bi Anifa aliwapenda sana kuku wake. Hamidi akatazama huku na huku. Akauchomoa ule ufunguo wa zamani kwenye pete na kuuchomeka kwenye vishikizo vya mlango wa banda.

"Angalau umepata kazi," alisema, akaenda kulala.

Kesho yake Hamidi alikuwa anabeba trei za mikate. Stara alimfunga Salwa mgongoni, akaingia garini ili apashe injini moto. Alikuwa na leseni. Alijifunza udereva jioni, akapimwa na trafiki, akafaulu. Lakini nyumbani aliruhusiwa kuwasha tu, si kuendesha.

Akazungusha ufunguo. Injini ikashika, kisha ikazima. Akajaribu tena. Ikashika, ikazima.

Hamidi akaweka trei chini. "Umelifanya nini?"

"Nimewasha."

"Umewashaje?"

"Kwa ufunguo, Baba Salwa. Gari linawashwa kwa nini kingine?"

Hamidi akaingia mwenyewe. Kwake pia gari lilishika na kuzima. Bi Anifa alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Nilisema mimi," alisema. "Gari likizoea mkono mmoja, usilipe mkono mwingine. Tena mkono wa mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni."

"Mama, na kwa Hamidi limezima vilevile."

"Kwa Hamidi limezima kwa sababu wewe ulishaliharibu."

Stara alihisi uso wake unawaka kuliko tanuri.

Saa mbili akaja fundi Msafiri, mwenye gereji ya kando ya barabara. Alifungua boneti, akasikiliza injini ikishika na kuzima. Halafu akauliza swali moja tu.

"Nani aliwasha leo?"

Hamidi akamtazama mkewe.

"Ahaa," alisema Msafiri, kana kwamba amemaliza uchunguzi. "Pampu ya mafuta hiyo."

Pampu ikabadilishwa. Msafiri akaondoka na ile ya zamani. Gari likashika, likazima. Akasema ni plagi. Plagi zikabadilishwa. Gari likashika, likazima. Siku ya tatu akajifuta mikono na kutikisa kichwa.

"Bwana Hamidi, nisikufiche. Injini imekufa. Shemeji alikanyaga mafuta vibaya, ikaungua ndani. Hakuna mtu atakayelinunua hili. Lakini sisi ni majirani. Mimi nitalichukua kama chuma chakavu. Jumamosi nakuja na kamba nilivute."

Wakati huo mikate ilikuwa inapelekwa kwa baiskeli. Ilifika imepondeka. Maduka ya Nzuguni, ambako ni mbali, yalianza kuchukua mikate ya mtu mwingine. Stara alijua kwamba gari likiondoka Jumamosi, tanuri nalo litazima. Hawangeweza kununua jingine.

"Usimpe," alimwambia Hamidi.

"Fundi amesema."

"Fundi amesema nini? Alisema pampu, haikuwa pampu. Alisema plagi, hazikuwa plagi. Sasa anasema injini, na wewe unampa gari zima?"

"Sasa wewe unajua magari?"

"Sijui magari. Ninajua kuhesabu makosa ya mtu. Na hilo gari limenunuliwa kwa mikate ya nani?"

Hamidi alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huamini neno la mwisho aliloambiwa. Lakini Stara alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. Mtu amekosea mara mbili, kisha anataka kuondoka na mali yako, na bado wewe ndiye unayeitwa mharibifu. Je, hapo mtu akae kimya?

Ijumaa jioni, Salwa akiwa mgongoni, Stara alimsubiri jirani yao Gladness nje ya uzio. Gladness alisomea umeme wa magari chuo cha ufundi, na alifanya kazi katika karakana kubwa mjini. Alikuwa na maneno mengi na mikono stadi.

"Mama Salwa, sura gani hiyo? Mkate umeungua?"

"Mkate haujaungua. Naungua mimi. Njoo uone gari letu kabla halijaibwa mchana kweupe."

Gladness aliingia uani. "Shikamoo, mama," alimwambia Bi Anifa.

"Marahaba. Umekuja kuzika gari?"

"Nimekuja kusikia lilikufaje, mama. Marehemu wengine huwa wamelala tu."

Akaketi kwenye usukani. Akawasha. Injini ikashika, kisha ikazima. Hakufungua boneti. Aliinama, akaitazama dashibodi, akaigusa ile plasta.

"Nani amebandika hii?"

"Mimi," alisema Hamidi. "Ile taa inamaliza betri."

"Haimalizi betri. Ungebandika na macho yako kabisa, ukapumzika." Akaibandua. Taa nyekundu ilikuwa inapepesa haraka haraka. "Hebu niuone ufunguo. Huu umechongwa wapi?"

"Sokoni. Ule wa kwanza ulipasuka."

"Wenye kichwa cha plastiki?"

"Ndiyo."

Gladness akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka alipomwona Stara. "Sikilizeni. Gari hili lina kinga ya wizi inayoitwa immobilaiza. Ndani ya kile kichwa cha plastiki mna chipu, ndogo kama punje ya mchele. Swichi ina duara la waya. Ukiingiza ufunguo, kompyuta ya gari inauliza: wewe ni nani? Chipu inajibu. Ikijibu sawa, taa hii inazimika na injini inaachiwa. Isipojibu, taa inapepesa hivi, na gari linakata mafuta. Ndiyo maana linashika halafu linazima. Shaba haina chipu. Itafungua mlango, itazungusha stata, basi. Hapo gari linawaona nyinyi ni wezi."

"Si kweli," alisema Hamidi. "Ufunguo huu wa shaba umewasha wiki nyingi."

"Na ule wa plastiki ulikuwa wapi wiki hizo?"

"Ulikuwa hapa hapa. Kwenye pete."

"Ukining'inia karibu na swichi?"

Hamidi akaitazama ile pete.

"Basi shaba ilikuwa inazungusha, na plastiki inajibu," alisema Gladness. "Ulipoutoa kwenye pete, hakuna tena wa kujibu. Uko wapi sasa? Usiniambie umeutupa. Mkipoteza wote, ni kazi kubwa. Lazima kompyuta ya gari ifunguliwe, pengine ibadilishwe."

Bi Anifa akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Hamidi," alisema polepole. "Si ule uliofungia kuku wangu?"

Stara tayari alikuwa anakimbia. Aliuchomoa ufunguo, akachomeka mpini wa kijiko mahali pake ili kuku wasitoke. Ufunguo ulikuwa umejaa vumbi na kinyesi cha kuku. Plastiki ilikuwa imepasuka zaidi. Gladness aliufuta kwa kanga kuukuu, akautikisa karibu na sikio, akachungulia kwenye ufa.

"Chipu imo. Mna bahati. Ingedondoka kwenye mbolea, mngechambua hadi Idi."

Akaufunga ufa kwa utepe, akashuka na kuushika kando ya ule wa shaba uliokuwa kwenye swichi. "Wewe, Mama Salwa. Washa."

"Mimi?"

"Si wewe ndiye uliyeua injini? Ifufue."

Stara akawasha. Taa nyekundu ikazimika. Injini ikashika, ikaendelea kunguruma kwa utulivu, kama vile haikuwahi kuwa na kasoro yoyote.

Stara hakucheka. Alizima gari, akashuka, akasimama mbele ya mumewe.

"Wiki hii yote nimeitwa mharibifu," alisema. "Na wewe, na mama, na yule fundi ambaye hakuuliza hata habari ya ufunguo. Nimelala nikijiuliza mguu wangu ulifanya kosa gani. Nani alitoa ufunguo kwenye pete?"

"Mimi."

"Nani alifunika taa?"

"Mimi, Mama Salwa."

"Mwambie mama. Si mimi."

Hamidi akageuka. "Mama, kosa ni langu. Stara hakuharibu kitu."

Bi Anifa aliangalia chini. Halafu akanyoosha mikono. "Nipe huyo mtoto, amekulemea," alisema. Akamchukua Salwa, akaingia naye ndani.

Jumamosi asubuhi Msafiri alifika na kamba. Alikuta gari linanguruma uani, na Stara ndani yake.

"Eh, limewaka?" alisema. "Litazima tu."

"Halizimi. Ulikuwa ufunguo, fundi. Immobilaiza."

"Aa, hiyo. Magari ya siku hizi yana mambo mengi."

"Kama hujui, sema hujui," alisema Stara. "Hakuna atakayekudharau. Lakini wewe ulisema injini imekufa, na ulitaka ulichukue gari. Pampu yetu iko wapi?"

"Pampu ile mbovu?"

"Haikuwa mbovu. Na hata ingekuwa mbovu, kifaa kikitolewa kwenye gari letu ni chetu. Iko wapi?"

"Shemeji, iko gereji, lakini..."

"Panda nyuma," alisema Hamidi, akimfungulia mlango. "Tunaifuata sasa hivi."

Msafiri aliangalia kamba yake. Akapanda. Majirani waliwaona wakipita, fundi akiwa ameketi kati ya trei za mikate kama mzigo. Walirudi na pampu ikiwa imefungwa kwenye gazeti.

Wiki iliyofuata walikwenda kwenye karakana ya Gladness.

"Kadi ya gari," alisema Gladness.

"Jirani, hunijui?" aliuliza Hamidi.

"Nakujua sana. Lakini fundi anayetengeneza ufunguo bila kuuliza kadi, kesho atamtengenezea mwizi ufunguo wa gari lako. Kadi."

Hamidi akatoa kadi. Gladness alikuwa ameagiza Dar es Salaam funguo mbili zenye chipu, zikaletwa kwa basi. Ule ufunguo wa banda la kuku ulikuwa ndio ufunguo mkuu, unaoruhusiwa kuongeza mingine, kwa hiyo aliutumia kuzitambulisha funguo mpya kwa gari. Akafanya kazi huku akieleza.

"Ukinunua gari lililotumika, dai funguo zote. Ukipewa mmoja, tengeneza wa pili upesi, ule wa kwanza ukiwa bado mzima. Ukipasuka, usitupe hata kipande. Chipu inaweza kuhamishiwa kwenye kichwa kipya. Na funguo mbili zisikae pete moja. Ukipoteza pete, umepoteza zote."

"Na gari likishika na kuzima?" aliuliza Stara.

"Kwanza angalia hii taa. Haihitaji fundi, inahitaji macho. Ikipepesa wakati ufunguo uko kwenye swichi, shida iko kwenye ufunguo. Usikubali mtu akate waya wala afungue injini. Akisema kifaa kimekufa, mwulize amekipimaje."

Gladness aliwapa funguo. Hamidi alichukua mmoja. Wa pili akamkabidhi Stara mkononi. Ule mkuu, wenye utepe, ulikwenda kwenye kabati la nguo la Bi Anifa, mbali na kuku.

"Huu ni wako," Hamidi alimwambia mkewe. "Nzuguni nenda wewe. Mimi nitamaliza Chang'ombe kwa baiskeli, ni karibu. Tutafika kote mapema."

Jumatatu, mikate ikiwa bado ya moto, Stara aliingia kwenye gari. Bi Anifa alitoka nje, Salwa akiwa begani kwake. Alisimama kando ya mlango wa dereva na kusikiliza. Gari likashika. Akasubiri kidogo. Halikuzima.

"Maduka yale ya Nzuguni," aliuliza, "yatatupokea tena?"

"Nitaongea nao, mama."

"Ongea nao kama ulivyoongea na yule fundi," alisema Bi Anifa. "Nenda. Mtoto ninaye mimi."