Ndoo ya Sabina Mbele ya Madiwani

Kila asubuhi Sabina alifagia uwanja wake, kisha akateremka ziwani na ndoo. Aliishi na mumewe Machibya na binti yao Hellen karibu na mwalo, mahali wavuvi wanaposhushia samaki, si mbali na Mwanza. Mwaka ule, 1997, Hellen alikuwa amelazwa mara mbili kwa kuharisha. Sabina aliiogopa mara ya tatu.

Siku moja Odeta, Bibi Afya wa kata, aliwagawia kina mama watano, Sabina akiwa mmoja wao, kamera. Aliwaeleza kwamba madiwani wangejadili sheria ndogo ya usafi. Rasimu ilitaka kila kaya chafu itozwe faini, lakini walioiandika hawakuwahi kufika mwaloni. Basi kina mama wapige picha za mambo yanayowaletea maradhi.

Sabina alirudi nyumbani kichwa kikimzunguka. Picha alizozijua ni za harusi na kipaimara. Machibya alicheka.

"Mama Hellen, utaiambia ndoo isimame wima na kutabasamu?"

Sabina akafanya alivyoona ni heshima. Alifagia tena, akamvika Hellen gauni la kanisani, akamsimamisha kando ya mtungi uliofunikwa kitambaa cheupe. Akapiga picha.

Picha ziliposafishwa mjini, zilitoka nzuri. Odeta alizitazama, akatikisa kichwa. Sabina hakuelewa amekosa nini.

"Dada Sabina, diwani akiiona hii atasemaje?"

"Atasema kwangu ni pasafi."

"Na maji ya mtungini yanatoka wapi?"

Sabina aliutazama mtungi pichani. Aliyachota ziwani, hatua chache tu kutoka pale mfereji wa vyoo vya mwalo unapomwaga. Wote walijua, na hakuna aliyesema.

"Sasa nipeleke aibu yangu kwa wakubwa?"

"Mfereji hukuuchimba wewe. Piga picha za mambo yalivyo, usipange kitu. Ukimpiga mtu picha, mwombe ruhusa kwanza. Nyuma ya picha andika mahali na tarehe. Na maji ya kunywa yachemshe, usingoje madiwani."

Kesho yake Sabina aliiweka ndoo palepale alipozoea, akapiga picha ndoo na mfereji pamoja. Bado hakujua kama anatengeneza au anaharibu.

Kwenye kikao cha madiwani, Odeta alikokwenda na Sabina na picha zake, mwenyekiti aliichukua ile ya ndoo. Akauliza ni nani aliyeitega ndoo pale makusudi. Sabina alisimama.

"Ni yangu, Mheshimiwa. Huwa naiweka hapo kila siku, maana bomba hatuna. Anayeyanywa maji hayo ni mwanangu."

Mwenyekiti aliwapitishia madiwani wenzake picha ile. Siku hiyo kifungu cha faini kiliandikwa upya: hakuna kaya ya mwaloni itakayotozwa kabla mfereji haujahamishwa na bomba halijawekwa.

Kufikia Februari ya mwaka uliofuata, mfereji ulikuwa umeelekezwa kwenye shimo lililojengewa, na bomba limesimama mtaani. Masika yakaanza, yakaisha. Hellen hakulazwa.