Kitambaa cha Manjano Ndani ya Redio

Mtoto alilia saa nane usiku.

Nilinyoosha mkono gizani nimpe Wakoli wangu ziwa, nikashika mdomo wake... umefungwa. Amelala fofofo. Na kilio kinaendelea, chembamba, kinatoka upande wa meza ya kazi, na kwenye meza ile kulikuwa na redio moja tu, nayo haikuwa na mawe, yaani betri. Mawe yote manne nilikuwa nimeyatoa mwenyewe jioni.

Kilikuwa kama cha mtu anayechomwa. Kisha kikapungua... kikapungua...

Kimya.

Wacha nieleze vizuri. Mume wangu, Wekoye, hutengeneza redio za zamani hapa Kibomet, zile za mkononi zenye kava ya ngozi, na siku hizi watu wa Kitale mjini wanazinunua ati waweke sebuleni kama pambo. Siku hiyo alikuwa ameenda Bungoma kutafuta vipuri, alale huko. Jioni nafagia kibanda chetu, humo humo tunamolala, nifunge, akaja nyanya mmoja wa Tongaren, Kukhu Edinah (kukhu kwetu ni bibi), redio ameifunga mgongoni kwa leso. Mgongoni! Nilicheka.

"Kukhu, umebeba mjukuu?"

"Huyu amekushinda miaka, mayi, mama yangu," akasema, naye akacheka. "Sauti inakwaruza tu. Nalala kwa binti yangu hapo chini. Nitamchukua asubuhi."

Kazi ndogo naijua, Wekoye alinifunza. Nikafungua. Karatasi ya spika ilikuwa imepasuka, na mtu alikuwa ameziba kwa kipande cha kitambaa cha manjano, gundi nzito kama uji. Kazi mbaya kabisa. Nikakibandua, nikaziba kwa karatasi laini vile inafaa, kitambaa nikakitupa kwenye jiko la makaa. Kiliungua polepole, kikinuka maziwa. Si ya ng'ombe. Mimi nanyonyesha, hiyo harufu naijua.

Asubuhi Kukhu alifika mapema. Akaiweka redio sikioni bila kuiwasha. Akangoja. Akangoja.

"Kitambaa kiko wapi?"

"Nilichoma, kukhu. Kilikuwa kinaharibu sauti."

Hakunipigia kelele. Heri angenipigia. Aliketi sakafuni, miguu ameinyoosha mbele kama mfiwa.

"Mukhisa wangu alikufa kwa surua," akasema. "Miezi saba tu. Mkunga aliyenizalisha akaniambia, kata shali yake, weka pale sauti inapotokea. Kila usiku amelia, nami nikambembeleza. Miaka thelathini na nane. Sasa wewe umemzika tena."

Ningefanya nini, jamani? Kwa kibanda chetu, ukiharibu kitu cha mteja unakirudisha kwa chako. Spika kwa spika, waya kwa waya. Ndivyo Wekoye alivyojenga jina. Na mimi nilikuwa na huruma, nina aibu, na shali ya Wakoli ilikuwa hapo hapo kwa kiti...

Nilikata pembe. Nikaibandika kwenye spika.

Kukhu hakunikataza. Aliifunga redio mgongoni kwa leso, akaenda zake Tongaren.

Saa sita mchana Wakoli aliamka na njaa. Akafungua mdomo, uso ukamwiva, machozi yakatiririka.

Sauti haikutoka.

Daktari alimmulika, akasema koo ni zima. Siku ya tatu nikambeba hadi Tongaren, na kabla sijafika mlangoni kwa Kukhu nilimsikia. Mwanangu! Yuko mgongoni kwangu, ananilowesha machozi bila sauti, na analia ndani ya nyumba ya watu, na Kukhu anamwimbia.

"Nirudishie," nikanong'ona. "Tafadhali, kukhu."

Aliipakata redio kwa muda mrefu. Kisha akachukua kisu cha jikoni, akaifungua, akaibandua ile shali mwenyewe.

"Wako yuko hai," akasema. "Chukua."

Wakoli akapiga yowe. Nilicheka, nikalia, nikambusu... mpaka nikamwona Kukhu ameinua kichwa, mkono mdomoni.

"Ni wawili," akanong'ona. "Sikiliza huko chini."

Nilisikiliza. Chini ya sauti ya mwanangu kulikuwa na nyingine, chembamba.

Basi kila mwisho wa mwezi namwambia Wekoye naenda kliniki. Naenda Tongaren. Tangu alfajiri simnyonyeshi Wakoli, ili tukifika alie, na Kukhu ampakate, amsikie wake. Namnyima mwanangu maziwa ili mwanamke mwingine asizike tena. Najua ni vibaya. Lakini mimi ndiye niliyechoma.

Mwezi uliopita Wakoli alipofungua mdomo, ile sauti ya chini ndiyo ilianza. Ya Wakoli ilikuja nyuma...

Imechelewa.

Kukhu alifumba macho akaimba tu. Sijui kama alisikia vile nilivyosikia mimi.

Nimekuandikia wewe kwa sababu hunijui, wala mlango wetu huujui. Wekoye hajui. Mama yangu hajui. Na kuanzia leo, naapa kwa hiki kichwa kidogo kilicholala kifuani mwangu, sitamwambia mwingine.